Siku ya Kugeuza Meli: Kwa Wewe Unayeanza Kazi ya Kabini

Umemaliza mafunzo ya usalama pale Bandari Maritime Academy Mombasa, au Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI). Viza ya baharia ya Marekani umeipata na tiketi ya ndege iko mkononi. Kuna jambo moja ambalo darasani huwa halisemwi vya kutosha: siku utakayoikanyaga meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huenda ikawa ndiyo siku nzito kuliko zote za juma. Wafanyakazi wapya kwa kawaida hupandia bandari ambako safari huanzia na kuishia, siku ileile abiria wa safari iliyokwisha wanashuka na wa safari mpya wanaingia. Hiyo ndiyo siku ya kugeuza meli. Utafika na usingizi wa ndege mbili tatu, hujui ngazi ya kwenda chumbani kwako iko upande gani, na kila unayemsalimia anajibu huku anapita. Usivunjike moyo wala usidhani umeingia kwa watu wasio na utu. Wape hadi kesho yake, utaona sura nyingine kabisa.

Tuchukue Miami, maana wengi wenu mtaanzia Florida. Meli hufunga gatini alfajiri, saa kumi na moja au kumi na mbili, na jioni saa kumi au kumi na moja inafungua kamba. Kati ya hapo, meli ya abiria elfu tatu huwashusha wote na kupakia elfu tatu wengine. Chakula cha wiki nzima kinaingia kwa foklifti, takataka zinatoka, mafuta yanavutwa kutoka kwenye chombo kilichoegeshwa ubavuni. Wageni katika kazi hii hudhani siri ni mbio. Mimi naamini siri ni kujua kipi kinasubiri kipi. Kila kazi ya siku hiyo imefungwa na nyingine, na anayejua mfungamano huo hapotezi nguvu kwa jambo ambalo hata likiwahi halisogezi chochote.

Siku yenyewe huanza usiku uliotangulia. Abiria wengi huambiwa watoe masanduku nje ya mlango kabla ya kulala, yakiwa na vibandiko vya rangi au namba vinavyoonyesha kundi la kushuka. Nyinyi wa kabini ndio mtakaoyasukuma hadi kwenye lifti za wafanyakazi, yakashushwa chini kwenye ile njia pana inayokata meli kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye meli nyingi zenye soko la Marekani njia hiyo huitwa I-95, kwa jina la barabara kuu inayotoka Miami hadi Maine. Usiku huo imejaa vizimba vya mizigo. Kunja magoti unapoinua, usiinamishe mgongo. Migongo ya vijana wengi huharibikia hapo, na mkataba wa miezi mingi hauvumilii mgongo mbovu. Sanduku lisilo na kibandiko usiliguse mpaka umemuuliza mwenye nalo. Limwendee mtu asiyepaswa, abiria atashuka Miami na nguo zake zimekwenda pengine.

Usiku huohuo jaza kabati lako la shuka na toroli. Asubuhi dobi anazidiwa, na waliochelewa wanabaki kugombania foronya. Halafu waulize abiria wako kwa adabu watatoka saa ngapi. Wapo wanaobeba mizigo yao wenyewe na kushuka mapema kabisa, mara tu maofisa wa forodha na mipaka wa Marekani wanaporuhusu. Vyumba vya hao ndivyo vya kuanzia. Ukivijua tangu usiku, asubuhi huzunguki ukigonga milango ya watu wanaovaa.

Asubuhi kula kabla ya kuanza. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona wengi wakiliona dogo, na kufika saa tano mikono inatetemeka. Abiria wengi huombwa waache vyumba kufikia saa mbili hivi. Idadi ya vyumba hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini kumi na vitano hadi ishirini si ajabu kwa mtu mmoja, au zaidi kidogo mkiwa wawili, na vyote vinatakiwa viwe tayari mchana.

Sasa hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mtu anapookoka au kuzama. Usimalize chumba kimoja kikamilifu ndipo uende cha pili. Vua shuka na taulo za vyumba vyote vilivyo wazi kwanza, zifunge kwenye mifuko, zipeleke mahali pake. Dobi anazisubiri, na yeye ndiye atakayekurudishia safi. Katika kuvua huko fungua kila droo, angalia chini ya kitanda, nyuma ya mlango wa bafu, kwenye roshani, na sanduku la kuhifadhia vitu vya thamani. Ukilikuta limefungwa, mwite msimamizi, usilijaribu. Ukiona simu, hereni, dawa, hata sarafu, andika namba ya chumba na saa, ukabidhi siku hiyohiyo. Abiria akiwa bado yumo kwenye jengo la bandari, kitu kinaweza kumfikia. Na kitu kilichokaa mfukoni mwako "nitakipeleka baadaye" hakina maelezo mazuri mbele ya mlinzi anayekupekua. Wenzetu wamerudishwa nyumbani kwa vitu vya thamani ndogo mno.

Baada ya kuvua ndipo usafi. Kitambaa cha choo kisikaribie glasi, hilo unalijua. Usiloambiwa kwa uzito ni kwamba adui mkubwa wa meli ni norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika, na hukaa pale mikono inapogusa: rimoti, swichi, kitasa, simu, kishikio cha bafu. Dawa ya kuua vijidudu ina muda wake wa kukaa kabla ya kufutwa; soma muda huo kwenye chupa na uufuate hata kama umebanwa. Marekani ina mpango wa ukaguzi wa usafi wa meli chini ya CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, ulioanza miaka ya 1970. Wakaguzi huja bila taarifa wakati meli iko kwenye bandari ya Marekani, na mara nyingi bandari hiyo ni ileile ya kugeuzia. Alama ni 100, na meli ikipata 85 au chini yake imefeli, na matokeo hutangazwa hadharani. Wanashughulika sana na majiko, maji na mabwawa, lakini usijipe amani kwamba kabini haiwahusu. Chupa ya dawa isiyo na lebo kwenye toroli yako ni kosa tayari.

Kuna kundi moja ambalo wapya hulisahau: abiria wanaoendelea na safari inayofuata, waliolipia safari mbili mfululizo. Siku hiyo nao hutolewa. Hukusanywa ukumbini, wanatolewa pamoja hadi kwa maofisa wa mipaka, wanaonyesha pasipoti, kisha wanangoja. Katika bandari za Marekani kwa kawaida abiria mpya haruhusiwi kupanda mpaka hesabu ya wa safari ya zamani ifike sifuri kwenye kompyuta ya mlangoni. Abiria mmoja aliyelala chumbani au aliyejisahau kwenye mgahawa huwazuia maelfu walio kwenye foleni. Kwa hiyo ukiambiwa nenda kagonge mlango wa chumba fulani, acha unachofanya uende. Pale wewe ndiye unayesubiriwa na meli nzima.

Chumba cha abiria wa namna hiyo kiwe na alama kwenye orodha yako tangu jana. Nimemwona mama mmoja mtu mzima akirudi na kukuta nguo zake za kabatini zimefungwa kwenye mfuko kama vitu vilivyosahauliwa; hakupiga kelele, alikaa kitandani akanyamaza, na kijana aliyefanya vile hakujua aanzie wapi kuomba radhi. Anayebaki chumba kilekile, badilisha shuka, safisha, na vitu vyake viache vilivyo. Anayehama chumba, kubaliana naye kabla hajatoka: nguo zilizotundikwa zihamishwe na vitundikio vyake, masanduku ayafunge mwenyewe, dawa na vito abebe mwenyewe. Wahudumie hao kwa moyo. Siku ya kugeuza kila mtu melini anaangalia wanaoondoka na wanaokuja, na wao katikati hujiona hawana mwenyeji.

Wapo watakaokuuliza siku za mwisho, "Naweza kubaki safari ijayo?" Usijibu ndiyo, hata kama unajua vyumba vipo. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli za bendera ya kigeni kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine bila kupitia bandari ya nje iliyo mbali. Mtu akipanda Seattle, safari ikaishia Vancouver, akaendelea na meli hiyohiyo hadi Los Angeles, safari hizo mbili huhesabiwa moja na sheria imevunjwa. Mwelekeze mapokezi, ndio wenye jibu.

Wewe pia utaitwa na maofisa wa uhamiaji, pengine katikati ya chumba cha tano. Acha toroli mahali salama, nenda na kadi yako. Kuhusu kushuka bandarini, usijipe matumaini makubwa siku hiyo. Watu wa sehemu nyingine hupata saa mbili wakakimbilia intaneti karibu na gati. Sisi wa kabini mara nyingi hatupati. Waambie nyumbani mapema. Wakati wa kiangazi cha Marekani Mombasa iko mbele ya Miami kwa saa saba, na wakati wa baridi saa nane, kwa hiyo ukipumzika saa nane mchana, mama yako amekwishasali Isha. Mpigie siku nyingine, mzungumze kwa utulivu.

Mchana masanduku mapya yanaanza kupanda, na wenye nayo wanauliza mbona hayajafika. Papo hapo una wajibu wa usalama. Meli ya Costa Concordia ilipozama kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012 wakafa watu 32, melini walikuwamo abiria waliopanda siku hiyohiyo na hawajafanya zoezi la dharura. Tangu 1 Januari 2015 kanuni inataka abiria wafanye zoezi la kukusanyika kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka, wakati zamani ilikuwa ndani ya saa 24. Meli nyingi sasa humwonyesha abiria maelezo kwa simu kisha afike kwenye kituo chake cha kukusanyikia, lakini wewe utasimama pale uliposajiliwa. Ijue namba yako ya dharura na njia ya kituo chako kabla ya kujua mgahawa wa wafanyakazi uko wapi. Siku yako ya kwanza utapewa mafunzo hayo ukiwa umechoka. Uliza tena, hata mara tatu. Hakuna atakayekuchukia kwa hilo.

Na kupumzika ni haki yako. Mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, hutoa saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, zigawanywe vipande visivyozidi viwili, na kipande kimoja kisipungue saa 6. Kwa juma zisipungue 77. Andika saa zako kama zilivyo. Usisaini karatasi inayosema ulilala ukiwa unasukuma mizigo, hata kama anayekuomba ni mtu unayempenda. Mchana ukipewa saa moja au mbili, lala, simu uiweke mbali. Nunua viatu vizuri nyumbani kabla ya kuondoka, na uvivae wiki kadhaa vizoee mguu.

Jioni utawakuta abiria wapya milangoni, wamefurahi, wengine wameweka akiba miaka mingi kwa safari hii moja. Wao hawana habari ya asubuhi yako. Jitambulishe, taja jina lako polepole, uliza kama kitanda wanakitaka kimoja au viwili, na uandike papo hapo. Siku ya pili meli ikiwa baharini, mwendee msimamizi umwombe orodha ya watakaobaki safari inayofuata, uanze kuweka alama vyumba vyao kwenye daftari lako.