Jibu: Mafuta ya damu kupanda baada ya hedhi kukoma

Habari dada, pole na hofu. Unasema hedhi imekoma, chakula ni kilekile, uzito uleule, lakini trigliseridi (aina ya mafuta yaliyo kwenye damu) zimeonekana kuwa milimoli 2.6 kwa lita. Angalia kwanza muda uliotolewa damu. Ulipima mchana, baada ya wali na samaki aina ya migebuka wa kukaanga, na mafuta ya mlo hufika juu kabisa kwenye damu masaa 3 hadi 5 baadaye. Rudia asubuhi, bila kula masaa 9 hadi 12, maji tu. Ikibaki juu ya 1.7, omba wakupime sukari na tezi ya shingoni pia.

Ila usilipuuze jibu la mchana. Estrojeni (homoni ya kike) ikipungua, mwili huchelewa kuyaondoa mafuta ya mlo, hata kama hujaongeza kijiko. Mimi hapa Kigoma mawese sikuyaacha, maana kwetu mboga bila mawese hailiki. Nilipunguza kiasi, migebuka nikawa nachoma au nachemsha, ugali mdogo, soda nikaacha kabisa, na sokoni naenda kwa miguu. Kipimo kilichofuata kilishuka. Kama unakunywa pombe, anza na hiyo.