Naivasha au Nanyuki kwa watoto wadogo?

Dada, umeuliza iwapo watoto wako wa miaka 2 na 4 watafurahia zaidi nyumba ya mbao Naivasha au Nanyuki. Kwa umri huo ningechagua Naivasha bila kusita, kwa kuwa iko takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, ilhali Nanyuki ni karibu kilomita 200, na mtoto aliyefungwa mkanda garini kwa saa nne hufika akilia, nanyi wazazi mkiwa hoi.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba kama kuna uzio imara upande wa ziwa. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, kwa hiyo giza likiingia watoto wawe ndani, hata uwanja ukionekana mtulivu namna gani. Omba pia picha za roshani na ngazi. Sisi tulikuta nafasi kati ya mbao za roshani inayoweza kupitisha kichwa cha mwanangu, ikabidi tuizungushie leso mbili na kumkagua kila dakika. Hayo si mapumziko.

Usiku kuna baridi, maana ziwa liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Beba soksi, sweta na blanketi waliyoizoea, na jiko la makaa lisiingizwe chumbani kamwe, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu.

Jioni ya kwanza msipike; bebeni chapati na ndengu kutoka nyumbani, mpashe moto, mle, mlale mapema.