Usiyanyamazishe maonyo kabla ya kuyasoma

Juzi kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Dada, nimepitisha cppcheck kwenye programu yetu ya hifadhidata, imetema maonyo mpaka nimeogopa. Bosi anataka yaishe kabla ya Ijumaa. Nianzie wapi?" Cppcheck ni zana inayosoma msimbo wa C bila kuuendesha na kuonya mahali penye shaka. Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake halijanitoka moyoni. Maonyo ya namna hiyo yaliwahi kunifanya nionekane msumbufu ofisini.

Nilikuwa kwenye timu iliyotunza mfumo wa vyama vya akiba na mikopo. Tulikuwa na kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, cha hifadhidata ya PostgreSQL, kilichoandikwa kwa lugha ya C. Kazi yake ilikuwa kufungua faili la viwango vya riba, kusoma mstari unaohusika na kurudisha jibu. Nilipoupitisha msimbo wote kwenye cppcheck, maonyo mengi yalikuwa ya kawaida tu. Moja likanishika. Faili linafunguliwa kwa fopen, lakini mstari ukiwa na kasoro fankisheni inatoka kwa PG_RETURN_NULL, yaani na jibu tupu, bila kuigusa fclose ya kulifunga.

Nikalipeleka kikaoni. Nikaambiwa PostgreSQL inajisafisha yenyewe, niache kuwapotezea watu muda. Aliyesema hivyo alinizidi miaka mingi kazini, na wenzangu wakaitikia. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Kumbukumbu iliyoombwa kwa palloc, njia ya PostgreSQL yenyewe ya kuomba kumbukumbu, huachiliwa yenyewe muktadha wake (kundi lililoiweka) unapofutwa, na palloc ikikosa nafasi hairudishi NULL, inarusha kosa. Ila faili lililofunguliwa kwa fopen PostgreSQL haina habari nalo. Linabaki wazi mpaka mchakato ule ufe, na miunganisho yetu ilikuwa inakaa wazi siku nzima.

Mwisho wa mwezi likaletwa faili lenye mistari mibovu. Kila akaunti iliyoangukia mstari mbovu iliacha faili moja wazi. Kwenye seva nyingi za Linux mchakato mmoja huruhusiwa faili 1024, nasi tukafika ukingoni wakati wanachama wamepanga foleni matawini.

Nililirekebisha jioni ile ile, na sikuishia kuongeza fclose. Nilipoisoma fankisheni nzima niliona njia nyingine ambayo cppcheck haikuitaja kabisa: ereport yenye ERROR, inayotangaza kosa, huruka nje kwa longjmp bila kupitia mistari iliyobaki, kwa hiyo fclose iliyo chini yake haifikiwi kamwe. Nikaiondoa fopen, nikaweka AllocateFile, ambayo PostgreSQL huifuatilia na kulifunga faili muamala unapoisha. Tatizo halikurudi tena. Wala hakuna aliyerudi kuniambia, "Ulisema." Bado inaniuma, na naandika hivi nikijua baadhi yao watasoma.

Sasa sikilizeni, wadogo zangu. Onyo linakuuliza kama unajua mstari huu unafanya nini. Usipoweza kujibu, huna haki ya kulizima.

Tazameni yaliyotokea kwa hifadhidata za MySQL na MariaDB mwaka 2012, yaliyosajiliwa kwenye orodha ya kasoro za usalama kama CVE-2012-2122. Fankisheni ya kuhakiki nywila ilichukua jibu la memcmp, inayolinganisha baiti, ambalo ni int (namba ya baiti kadhaa), ikalirudisha kama char (baiti moja). Lakini memcmp haijaahidi popote kwamba jibu lake litatosha ndani ya baiti moja. Kwenye mifumo fulani lilizidi, na jibu ambalo baiti yake ya chini ni sifuri lilipokatwa likawa 0, yaani nywila zimelingana. Kila jaribio lenye nywila ya uongo likawa na nafasi kama 1 kati ya 256 ya kukubaliwa. Mtu anayelijua jina la mtumiaji angejaribu mara mia kadhaa, kazi ya sekunde chache, akaingia. Onyo la int kukatwa kuwa char ni katika yale ambayo watu huyazima mapema, kwa sababu huja kwa wingi.

Upande wa pili nao una haki yake. Watunzaji wa SQLite, hifadhidata nyingine, wameandika wazi kwamba juhudi za kuondoa maonyo ya kompaila zimewaletea hitilafu nyingi kuliko zile ambazo uchanganuzi wa namna hii umewagundulia. Nawaamini, maana majaribio yao hupita kwenye kila tawi la msimbo. Sisi wengi hatuna majaribio ya kiwango hicho, na ndiyo sababu kila rekebisho linahitaji jaribio lake. Someni mstari. Someni fankisheni yote, na mjue nani anaiita. Kisha ndipo mguse.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mwanza, anza na uvujaji kwenye njia za makosa, hasa faili na miunganisho. Fuata majibu ya fankisheni yasiyokaguliwa, kisha namba zinazokatwa. Mambo ya mtindo yasubiri hata baada ya Ijumaa, na bosi aambiwe hivyo mapema. Kila rekebisho liwe na komiti yake (commit, yaani hatua yake kwenye historia ya msimbo), ili likiharibu kitu ulirudishe peke yake. Ukiamua onyo fulani halina msingi, weka maelezo ya cppcheck-suppress, yanayolizima onyo hilo, kwenye mstari ule ule, andika sababu kwa maneno kamili na jina lako, kisha endesha cppcheck kwa --inline-suppr ili iyasome. Usiliweke kwenye orodha ya jumla, kwa sababu litakapotokea mahali pengine lenye msingi hutaliona. Na lile onyo jingine ulilosema linahusu strncpy, ya kunakili maandishi, nitumie fankisheni nzima. Mstari mmoja haunitoshi kukujibu.