Kabla hujalipa, geuza saa uutazame mgongo wake

Saa ya marehemu baba ilikuwa Tissot ya ufunguo, kasha la chuma, kioo kimekwaruzika hata namba 4 unaisoma kwa kukisia. Kila alfajiri akitoka msikitini alikaa barazani akaitia ufunguo, taratibu, kwa kidole gumba na cha shahada, mpaka ufunguo unagoma. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Na aliifuatisha jua, kama walivyofanya wazee wengi wa pwani wa rika lake: magharibi ikiingia, akrabu zote mbili zinakutana kwenye 12. Ukimuuliza saa ngapi, alikusomea namba ile ile iliyo usoni mwa saa, hakuna kugeuza hesabu kichwani.

Ilinifikia mimi baada ya mazishi, ikiwa imesimama. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Geneva, nikaona maadamu nipo nchi ilikotoka, niirudishe kwao wakaiangalie. Jumamosi moja ya Januari nikapanda treni hadi La Chaux-de-Fonds, mji ulioko kwenye milima ya Jura, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jirani yake ni Le Locle, ambako Tissot ilianzishwa mwaka 1853. Theluji ilikuwa imefika magotini.

Tangu siku ile ndugu na marafiki hunipigia simu wakitaka kujua wanunue saa gani ya Uswisi. Haya ndiyo ninayowaambia, na mengi nimejifunza kwa kupoteza pesa.

Miaka miwili kabla ya safari hiyo nilikuwa nimepigwa. Nilikuwa safarini, nikapita duka moja, muuzaji ana maneno matamu, saa ina jina kubwa usoni, ina boksi zuri na karatasi yenye muhuri. Niliangalia uso tu. Ulikuwa unang'aa, nikalipa. Miezi minne baadaye akrabu ya sekunde ikalegea, ikawa inacheza chini ya kioo kama punje ya mchele ndani ya chupa. Nilipoipeleka kwa fundi akaifungua mbele yangu, hakusema neno, akanigeuzia nione. Ndani mlikuwa na mashine ndogo isiyo na maandishi yoyote, imeshikiliwa na pete ya plastiki nyeupe ili isicheze ndani ya kasha kubwa. Ile pete ya plastiki sijaisahau hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote: igeuze. Kama mgongo ni wa kioo, tazama kwa utulivu. Kama ni wa chuma na saa ni ya mtumba, mwambie muuzaji ifunguliwe na fundi mbele yako kabla ya pesa kutoka mfukoni. Muuzaji mkweli hatakasirika. Akikasirika, ondoka, hata kama bei inakuita.

Utatazama nini? Nirudi La Chaux-de-Fonds, kwa sababu pale ndipo nilipofundishwa kutazama.

Fundi alikuwa mzee wa makamo, koti jeupe, meza yake iko juu karibu usawa wa kifua ili asiiname. Alivaa lenzi jichoni, akafungua mgongo, akanikabidhi lenzi ya pili nitazame. Mafuta ya ndani yalikuwa yameganda, yamekuwa gundi ya rangi ya asali. Akaniambia chuma hakina ubaya wowote, saa ina kiu tu. Nilirudi baada ya wiki sita, ikiwa imeshafunguliwa yote, imesafishwa na kufungwa upya. Alinibakizia hatua ya mwisho nione. Akachovya sindano iliyo nyembamba kuliko ya kushonea, akagusisha tone la mafuta, dogo hata sikuliona likiondoka kwenye sindano. Akatia ufunguo mara mbili. Gurudumu la mizani likatetemeka kidogo, likasita, kisha likashika mwendo, huku ile springi iliyo nyembamba kama unywele inatanuka na kujikunja, inatanuka na kujikunja, mithili ya kifua cha mtoto aliyelala. Macho yalinilenga machozi pale dukani, na sioni haya kuliandika.

Akanieleza. Springi kubwa ndiyo inayohifadhi nguvu ya ule ufunguo. Ikiachwa, itajikunjua yote kwa mara moja. Kwa hiyo magurudumu ya meno yanaipokea nguvu ile, na kizuizi kidogo kinaiachia jino moja moja, kwa kufuata amri ya gurudumu la mizani. Mlio tunaousikia ni jino likikamatwa na kuachiwa. Saa za zamani kama ya baba hupiga mara 5 kwa sekunde, nyingi za siku hizi mara 8, yaani mara 28,800 kwa saa moja. Vile vitone vyekundu ni rubi za kutengenezwa, na kazi yake ni kupunguza msuguano pale ekseli zinapozunguka. Namba 17 utakayoikuta kwenye saa nyingi ni idadi ya rubi hizo, wala haihusiani na thamani ya vito, kwa hiyo usitozwe pesa kwa ajili yake.

Halafu tazama kingo za vipande. Hapa ndipo inapoanza tofauti kati ya saa nzuri na saa ya kifahari. Kwenye saa za Patek Philippe, iliyoanza 1839, au Vacheron Constantin, ya 1755, kingo za kila kipande zimekwanguliwa zikalainishwa kwa mkono mpaka zinaakisi mwanga, hata za vipande vya chini ambavyo mwenye saa hataviona maisha yake yote. Niliuliza kwa nini wajisumbue. Fundi akashangaa swali: anayekuja kuifungua baada yangu ataona. Wanaandikiana barua, mafundi hawa, na bahasha inafunguliwa baada ya miaka hamsini.

Mbona ufundi huu ukaota Uswisi na si kwingine? Mwaka 1541 Jean Calvin alirejea Geneva, na mageuzi yake ya dini yakabana uvaaji wa mapambo. Masonara wakabaki na mikono mahiri isiyo na kazi. Saa ilikuwa na matumizi, ikaruhusiwa. Wakaja pia Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, miongoni mwao mafundi saa, na kufikia 1601 mafundi wa Geneva walikuwa na chama chao rasmi. Kutoka huko ufundi ukapanda milima ya Jura, ambako wakulima walifungiwa ndani na theluji miezi kadhaa kila mwaka. Nyumba hii inachonga magurudumu, ile inatengeneza springi, mfanyabiashara anakusanya na kuunganisha. Watu wa huko bado wanamtaja Daniel JeanRichard wa Le Locle kama aliyewafungulia njia. La Chaux-de-Fonds iliteketea kwa moto mwaka 1794, nao wakaujenga upya kwa mitaa iliyonyooka, nyumba zina madirisha mengi ya kupokea mwanga kwa ajili ya meza za mafundi. Karl Marx aliuita mji mzima kiwanda kimoja cha saa. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza pamoja na Le Locle katika Urithi wa Dunia. Nilitembea mitaa ile alasiri nzima, na kweli, ukiinua macho unaona madirisha tu.

Urithi huu nusura uzimike. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkono ya kwazi, ya betri, sahihi kuliko ya springi na baadaye rahisi ajabu. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki zaidi kidogo ya 30,000. Katika kiwanda cha saa cha Zenith, huko Le Locle, amri ilitoka kwa wamiliki kwamba mashine za springi zimekwisha, vifaa viuzwe. Fundi mmoja, Charles Vermot, akavibeba vifaa vya mashine ya El Primero, akavificha darini, akaandika kila hatua ya utengenezaji. Saa za springi ziliporudi kutakiwa, kiwanda kikavikuta vinakingoja. Mzaliwa wa Beirut, Nicolas Hayek, naye alishiriki kuunganisha makampuni yaliyokuwa yanazama, na mwaka 1983 ikatoka Swatch ya plastiki yenye vipande 51 tu. Mauzo ya saa hiyo ya bei nafuu yalisaidia kuziokoa zile za bei kali, na ndiyo maana siidharau.

Sasa turudi kwenye pochi yako. Usinunue saa ya springi kwa kutaka usahihi. Hata zile zinazopewa cheti na COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, zikipimwa siku 15 katika mikao 5 na joto la nyuzi 8, 23 na 38, zinaruhusiwa kwa wastani kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Simu yako inazishinda zote. Maneno "Swiss Made" nayo yana sheria: mashine iwe ya Uswisi, ifungwe ndani ya kasha na kukaguliwa huko, na tangu 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji ziwe zimetumika Uswisi. Kwa maana hiyo sehemu iliyobaki inaweza kutoka nje, kihalali kabisa. Saa mpya ya springi yenye maneno hayo unaipata kwa faranga mia kadhaa, na inakutosha kuanzia. Usikope ili ununue saa. Narudia, usikope.

Tafuta fundi kabla ya saa. Mtu anayeishi Dodoma au Kisumu akinunua saa ambayo fundi wake wa karibu yuko nchi nyingine, amejinunulia nauli. Kila miaka mitano hivi itahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta, na gharama hiyo iweke kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Maji: ikiandikwa mita 30 haimaanishi uzame nayo. Inavumilia kunawa mikono na mvua, basi. Sumaku ni adui mwingine: spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku vinaweza kugandisha ile springi ya unywele, saa ikaanza kukimbia dakika nzima kwa siku. Usiogope, fundi anaiondoa kwa muda mfupi tu.

Tarehe nayo inawachanganya wengi wetu kwa sababu ya hesabu yetu ya saa. Saa nyingi hazitaki urekebishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa kuwa meno ya tarehe yameshashikana. Sahau majina ya saa, tazama akrabu ndogo: iteremshe kwanza hadi kwenye 6 chini kabisa, ndipo uguse tarehe.

Na kwa ndugu zangu wa Muscat wanaoniuliza kuhusu saa zenye alama ya jambia usoni, zilizotolewa zawadi enzi za Sultan Qaboos: zipo kweli, na zinatafutwa sana, ndiyo sababu alama hiyo inaongezwa kwenye nyuso za saa za kawaida. Usinunue bila mtaalamu aliyezishika nyingi.

Ila kabla ya duka lolote, anza kabatini kwa wazazi. Majumbani kwetu zimo saa za ufunguo zilizosimama, zimefungwa ndani ya leso pamoja na pasi za zamani na risiti. Ukiipata, usiitie ufunguo kwa papara, mafuta yake yamekauka na utakwangua ekseli. Ipeleke kwa fundi, omba aifungue ukiwa umesimama hapo. Na mwulize aliyekutunzia ilikuwa ikifuata hesabu gani. Yule mzee wa La Chaux-de-Fonds, alipoishika ya baba mara ya kwanza, alitazama akrabu zilipokuwa zimesimama, akaniuliza ilisimama wakati gani wa siku. Ilikuwa inaonyesha 1 na dakika kumi. Nikamjibu asubuhi, baba alikuwa bado hajanywa chai.