Muuguzi Mpya Atawapata Wapi Wenzake?

Muuguzi mpya akipokewa wodini huonyeshwa kabati la dawa, trei ya dharura na ratiba ya zamu. Watu wa kumshika mkono hujitafutia mwenyewe. Nimehudumu katika hospitali kadhaa hapa Mombasa, sehemu kubwa ya muda huo katika wodi ya wazazi, na nimewaona wengi waliotoka chuoni wakidhani kwamba sare pekee inatosha kutufanya ndugu, kisha wakavunjika moyo walipokuta kila mmoja ameinamia kitanda chake.

Ujamaa wa kazi hii huanzia katika saa ya kukabidhiana zamu. Anayekuja mapema kidogo, akasikiliza habari za kila mgonjwa na kuuliza pale asipoelewa, na anayeondoka akiwa amejaza chati na kuacha dripu zikiwa sawa, hujulikana haraka kuliko yule anayesifika kwa ucheshi. Wenzako wakishaamini kwamba hutawaachia mzigo uliofichwa, watakuitia chai bila wewe kuomba.

Kwa wakubwa wa kazi, usiende na ombi pana la kulelewa, kwa sababu muuguzi mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake huliogopa ombi la namna hiyo. Nenda na jambo moja: “Dada, nionyeshe unavyoupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji.” Ni wachache mno watakaokukatalia. Mimi nilifundishwa na mkunga mkongwe, ambaye wodi nzima tulimwita Mama, kutoyaamini macho yangu ninapokadiria damu baada ya mama kujifungua, kwani jicho hupunguza. Alinitaka nipime na kupima tena pedi na mashuka kwenye mizani. Katika kupima huko ndimo tulimozoeana, hata nikaweza kumweleza mambo yasiyohusu damu.

Hayo mengine ndiyo mazito zaidi. Mgonjwa akifariki mikononi mwako, dakika chache baadaye unatakiwa kitanda cha pili, na nyumbani huwezi kusimulia kila kitu, kwa sababu siri ya mgonjwa haiishi kwa kifo chake. Tena jamaa zako watakuuliza, kwa nia njema kabisa, “Kwani hujazoea?” Tafuta mwenzako mmoja wa wodi hiyohiyo, mkubaliane kwamba hakuna anayeondoka baada ya siku kama hiyo kabla hamjakaa pamoja hata robo saa. Wakazi wa Likoni hapa kwetu wamejaliwa: wakitoka zamu ya jioni huvuka feri pamoja kwa ajili ya usalama, na mazungumzo hayo hupata nafasi yake yenyewe. Kundi la simu halitoshi kwa kazi hii, na wala si mahali pa kutaja au kuonyesha mgonjwa.

Kuhusu vyombo vya taaluma, wengi huvichanganya. Baraza la Wauguzi la Kenya hutusajili na kutupa leseni, na wajibu wake ni kumlinda mgonjwa. Usilifikie ukitaraji likutetee juu ya mshahara. Hiyo ni kazi ya chama cha wafanyakazi, na tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, mwajiri wa muuguzi wa hospitali nyingi za umma ni kaunti. Jumuiya ya kitaaluma nayo ina mikutano ya mafunzo, ambayo kwa maoni yangu faida yake kubwa ni kukukutanisha na wauguzi wa hospitali nyingine kuliko mada zenyewe. Katika mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, niliona pia thamani ya chama kidogo cha kuchangiana, ambacho hapo awali nilikidharau kama mchezo wa pesa.

Vijana wa kiume, ambao wagonjwa huwaita daktari hata wakikanusha, mara nyingi huachwa nje ya mazungumzo ya masista. Nawashauri waingie bila kusubiri mwaliko.

Zipo pia wodi ambamo mgeni hudhalilishwa mbele ya wagonjwa. Hapo usijilazimishe kupendwa. Andika tarehe, tukio na waliokuwepo, umpelekee msimamizi wa wauguzi, na hali isipobadilika uombe uhamisho kwa barua, ukibaki na nakala yako.