Maswali na Majibu: Kituo cha Eureka Valley Kilichofungwa Chini ya San Francisco

Tangu tulipoandika juu ya usafiri wa reli mjini San Francisco, wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu Eureka Valley, kituo kilichofungwa kati ya vituo vya Castro na Forest Hill, ambacho treni hukipita bila kusimama.

Kituo hicho kilijengwa lini, na kwa ajili ya nani?

Kilifunguliwa tarehe 3 Februari 1918, pamoja na handaki la Twin Peaks, siku ambayo Meya James Rolph aliendesha mwenyewe tramu ya kwanza. Handaki hilo, lenye urefu wa takriban kilomita 3.6, lilijengwa chini ya mhandisi wa jiji, Michael O'Shaughnessy, kwa sababu vilima vya Twin Peaks vilikuwa vimeutenga upande wa magharibi, ambako wakati huo mchanga ulikuwa mwingi kuliko nyumba. Gharama zake zililipwa kwa tozo maalumu kwa wamiliki wa ardhi walionufaika na reli hiyo, utaratibu ninaouona wa haki, kwani bei ya viwanja vyao ndiyo iliyotarajiwa kupanda. Vituo viwili viliwekwa ndani ya handaki: Laguna Honda, ambacho leo ni Forest Hill, na Eureka Valley, kilichokuwa karibu kabisa na mlango wa mashariki. Hiki cha pili kiliuhudumia mtaa wa wafanyakazi, wengi wao wakiwa wenye asili ya Ireland, Ujerumani na Skandinavia. Mtaa huo ndio ambao sasa wengi huuita Castro.

Je, kilifungwa kwa kukosa abiria?

Sivyo. Mwaka 1962 wapiga kura wa eneo la Ghuba ya San Francisco waliidhinisha mkopo wa kujenga BART, reli ya kuunganisha miji ya eneo hilo, na katika mpango huo Barabara ya Market ikachimbwa njia ya chini yenye ghorofa mbili: tramu za jiji juu, treni za BART chini. Njia ya juu ililazimika kuunganishwa na handaki la zamani, ambalo mdomo wake ulikuwa penye makutano ya Castro na Market, na papo hapo ndipo kilipopangwa kituo kipya, mitaa michache tu kutoka Eureka Valley. Kituo cha zamani kikafungwa mwaka 1972, ujenzi ukiendelea.

Kulikuwa pia na suala la kimo, ambalo husahaulika mara kwa mara. Tramu za zamani zilipandwa kwa ngazi kutoka jukwaa la chini, ilhali mabehewa mapya yaliyoanza kazi mwaka 1980 yalihitaji, ndani ya handaki, majukwaa yaliyo sawa na sakafu yake. Forest Hill iliinuliwa majukwaa. Kufanya hivyo Eureka Valley, huku kituo kingine kikiwa hatua chache mbele, kungekuwa kutupa fedha, na sidhani kama uamuzi ule una la kulaumiwa.

Kuna mpango wa kukifungua tena?

Sioni sababu ya kuwapo. Mwaka 2018 handaki lilifungwa kwa takriban miezi miwili ili kubadilisha reli zilizokuwa zimelazwa mwaka 1975, na kazi ilipokwisha treni zilirudi kupita pale pale bila kusimama. Leo mahali hapo ni njia ya kutokea wakati wa dharura.

Mgeni anaweza kukiona?

Anaweza, asipochelewa kutazama. Treni ikiondoka Castro kuelekea magharibi, ageukie dirishani mara moja: kuta za handaki hurudi nyuma ghafla na majukwaa ya zamani huonekana, yakiwa chini sana ya usawa wa milango ya behewa. Apande treni ya jiji ya njia ya K, L au M. Za J na N hazifiki huko, kwa kuwa huchepuka na kutoka juu ya ardhi kabla ya Castro.