Kanda za mume wangu hazitupwi

Mmeuliza wiki hii: "Mwenzi wako anapenda kitu gani ambacho nyumba nzima imebidi izoee kuishi nacho?" Jibu langu ni kanda za video. Mume wangu alianza kurekodi vipindi vya televisheni kabla hajanioa, enzi ambazo Wakenya tulikuwa na kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, ambacho mwaka 1989 kikageuzwa jina kuwa KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya. Tunaishi Mombasa, na ukuta mmoja wa sebule yetu ni kanda kuanzia sakafuni hadi karibu na dari.

Wageni hawakosi kuniuliza kwa nini sizitupi, maana siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti. Si kweli, na neno hilo huniudhi. Kanda zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilikuwa na desturi ya kufuta kipindi cha zamani ili kurekodi kipya juu yake. Hata BBC ilifanya hivyo. Vipindi zaidi ya 90 vya Doctor Who, tamthilia yao ya kisayansi, vya miaka ya 1960 vilipotea, na tisa kati ya vilivyoonekana tena, vikatangazwa mwaka 2013, vilikuwa vimekaa kwenye stoo ya kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. Ikiwa shirika kubwa hivyo lilipoteza mali yake, nani ana hakika kwamba yetu sisi iko salama?

Tena majumbani mambo yalikuwa yale yale. Familia ilikuwa na kanda mbili tatu, leo harusi, kesho mieleka juu ya harusi. Mume wangu alikuwa akimaliza kurekodi tu, anavunja kile kijino cha plastiki kilicho ubavuni mwa kanda, na kikishavunjika deki, ile mashine ya video, haikubali kurekodi tena juu yake. Ndiyo maana tunaye Mzee Ojwang' akizozana na Mama Kayai katika vichekesho vya Vitimbi, tunazo kesi za kuchekesha za Vioja Mahakamani, na tunazo jioni za tamthilia ya Tausi. Benson Wanjau, mwigizaji aliyekuwa Mzee Ojwang' mwenyewe, alipofariki Julai 2015, majirani walikuja kukaa kwetu, wengine sakafuni, wakacheka na kulia kwa pamoja.

Lakini mimi vipindi si ninavyovipenda zaidi. Mume wangu hakuwa mwepesi wa kuzima deki. Kipindi kinakwisha, linakuja tangazo la sabuni, kisha mtangazaji anatueleza kinachofuata, kisha taarifa ya habari ya saa moja inaanza, na kanda inakata katikati ya sentensi. Vipande hivyo hakuna aliyeona haja ya kuviweka. Humo mna bei za vitu, mitindo ya nywele, Kiswahili kilivyosemwa kwa utulivu, na majina ya mawaziri ambao watoto wangu hawajapata kuwasikia. Mume wangu aliwahi kutaka kuvikata ili kuokoa nafasi kwenye diski ya kompyuta tunakozihamishia. Nilimkatalia katakata.

Adui yetu ni unyevu wa pwani. Ukitazama kwenye kile kidirisha cha kanda ukaona utando mweupe kama unga uliomwagika pembeni mwa mkanda, hiyo ni kuvu. "Mama, hiyo usiitie kwenye deki," ndiyo kauli ninayoisikia zaidi humu ndani, na ni kauli ya haki, kwa sababu kuvu hubaki kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, na kuhamia kanda zinazofuata. Inafunguliwa skrubu tano za chini, mkanda unatolewa na kufutwa polepole kwa kitambaa laini chenye spiriti, na kanda ya saa tatu ina mkanda wa mita kama 258. Hiyo ni kazi ya mchana mzima. Anafuta mume wangu, nami nazungusha kwa mkono. Mazungumzo yetu mengi ya maana, hata ya karo na ya kumuuguza mamangu, yamefanyika tukiwa na mkanda kati yetu.

Mipaka ipo. Chumbani kwetu haiingii kanda hata moja. Haziwekwi karibu na spika, kwa sababu ya sumaku, na zinasimama wima, hazilazwi. Deki tunazo mbili, moja ni ya kutolea vipuri, kwani kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Sasa tunazihamishia kwenye kompyuta, na hakuna njia ya mkato: kanda ya saa tatu inahama kwa saa tatu. Mimi huianzisha ninapopiga pasi, naandika daftarini kila kilichomo, na dakika kinapoanzia. Tumebishana kuhusu mahali pa kuweka nakala. Yeye alitaka zote zikae hapa chini ya macho yake. Mimi nilishikilia kwamba nyumba ikishika moto, tumepoteza vyote viwili, kanda na nakala. Diski ya pili sasa iko kwa binti yetu Nairobi, na kila akija likizo anarudi na nyingine.